Wajina wa Koko Mapendo

Columbus, mwishoni mwa Agosti 2015

Sifa mwanangu,

Nakuandikia kutoka jikoni kwa sababu sebuleni sina tena pa kukaa. Masanduku yako yameshika kochi lote, na lile kubwa limekalia kiti changu kama mgeni asiyejua saa ya kuaga. Wewe na mama yako mmekwenda dukani kutafuta viatu vya theluji, mwezi wa nane, na namwonea huruma muuzaji. Mama yangu, Koko wako, yuko chumbani anaimba nyimbo za kwaya huku akikunja upya nguo ambazo wewe umeshazikunja. Jua bado liko juu. Nimeiba nafasi hii kabla hamjarudi, maana tukikaa uso kwa uso mimi nitaanza mizaha, wewe utanijibu kwa Kiingereza, na lenye maana halitasemwa.

Mambo ya koti, ya kula vizuri, ya kumsalimu mjomba wako kule West Side kabla hajasikia kwa watu wa kanisani kwamba umefika Buffalo, hayo yote mama yako ameyasema, na kesho ukiwa ndani ya basi atayasema tena kwa simu. Mimi siyagusi. Halafu nani angenisikiliza? Katika nyumba hii ni mtu mmoja tu aliyewahi kutoka nje mwezi wa kwanza amevaa kandambili, akiamini kwamba jua likiwaka ni joto.

Nataka tuongee habari ya wanyama. Najua unacheka. Cheka, lakini soma.

Ile siku barua ya chuo ilipofika uliniuliza, "Baba, unakubali?" Nikakujibu, "Tutaona." Hukuuliza tena. Mama yako alitaka uwe muuguzi. Mimi nilitaka kazi yoyote yenye koti jeupe na watu wanaosimama ukipita. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kusomea wanyama, kuwalisha na kufagia walichoacha, wewe ambaye kitanda chako sijakiona kimetandikwa tangu tuhame Louisville, na ile "tutaona" yangu bado inaning'inia humu ndani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Bon. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka ile safari ya darasa lako kule Louisville? Tulikuwa wageni kabisa, tunakaa mtaa wa Iroquois, kwenye ile fleti ambayo kila jirani alipika kitu tofauti na ngazi zikanuka dunia nzima. Mwalimu wako aliniomba niwasindikize kwenye bustani ya wanyama. Akaongeza kwamba, kwa vile natoka Congo, niwaambie watoto mawili matatu kuhusu wanyama wa kwetu. Sifa, baba akiombwa hivyo mbele ya mtoto wake, atasema nini? Nilisema ndiyo, tena nilinyoosha tai.

Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa Uvira. Nimekua kando ya ziwa. Najua ndagala, wale dagaa wetu, najua mbuzi, na viboko nawajua kwa sababu walikuwa wanakula mashamba ya watu na kutufungia njia ya shule. Gorila nilikuwa nimemwona kwenye kalenda tu, na hiyo kalenda ilikuwa ya miaka iliyopita.

Tulipofika mbele ya kile kioo, gorila dume alikuwa ametupa mgongo kama mkuu wa ofisi asiyetaka kusumbuliwa. Nikapandisha sauti. Nikasema gorila anakula mbuzi. Nikasema babu yangu alipigana naye kwa mkuki tangu asubuhi mpaka ugali ukaiva. Nikasema huiba watoto wasiosikia. Wewe ulisimama pembeni yangu, umevaa ile jaketi ya kijani iliyokufika magotini, unatafsiri. Watoto walikusikiliza kwa adabu kabisa. Hakuna aliyeogopa. Nikashangaa, nikaongeza damu kidogo. Bado hawakuogopa. Mmoja akanyoosha mkono, akauliza kitu, ukamjibu wewe mwenyewe bila kunipitia.

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza kama majani yanamtosha."

"Majani gani?"

"Baba, yote yameandikwa pale." Ukaonyesha kibao kwa kidevu.

Donc, kwa hiyo, muda wote huo mimi nilikuwa napigana na gorila, na wewe ulikuwa unawasomea kibao. Mwalimu alinishika mkono akanishukuru sana kwa ujuzi wangu. Nilizipokea shukrani zake zote, sikumrudishia hata moja.

Tukiwa njiani nikakuuliza kwa nini umenifanyia hivyo. Ulikuwa na miaka kumi, sauti ndogo, lakini jibu halikuwa dogo. Ulisema, "Wangemwogopa bure. Na sisi pia wangetuogopa."

Nilikasirika mpaka nyumbani. Na mtu aliyekasirika hutafuta mahali pa kutua hasira yake, basi mimi nikaitua kwenye bustani yenyewe. Nikamwambia mama yako, wewe ukisikia: "Ile ni kambi. Kuna uzio, kuna chakula cha kupimiwa, na watu wanakuja kukupiga picha halafu wanarudi kwao." Sisi tuliotoka kambini Kigoma, ambako wewe ulizaliwa, tulijua ninachosema. Neno hilo nililirudia miaka mingi, kila ulipotaja wanyama, hata baada ya kuhamia huku Columbus kufuata kazi ya ghala. Nililipenda kwa sababu lilinipa sura ya mtu mwenye mawazo. Kumbe nilikuwa nafunika aibu ya gorila.

Halafu ukaanza kujitolea pale bustanini na vijana wenzako. Jumamosi moja ulirudi hapa nyumbani Clintonville, hata mlango hujaufunga, ukasema, "Baba, wana okapi."

Mkongomani gani hamjui okapi? Tulikuwa naye mfukoni, kwenye noti. Lakini kumwona kwa macho, nani? Msitu wake ni wa Ituri, mbali na Uvira kama mbingu, na wenyewe wa Ituri wanasema mnyama huyo anaweza kusimama karibu nawe asubuhi nzima usijue. Nilikufuata, nikijifanya nasindikiza tu. Nikamwona. Miguu ya nyuma yenye mistari kama pundamilia, shingo ya mtu aliyetaka kuwa twiga akabadilisha mawazo, ngozi ya kahawia inayong'aa kama kiatu cha pasta. Akatoa ulimi mrefu mweusi akajilamba sikio. Nikavua kofia. Uliniuliza kwa nini, nikasema ni joto. Haikuwa joto. Nilikuwa nimekutana na mkubwa wa kwetu ugenini, nikaona aibu kwamba ilibidi nivuke bahari ili tujuane.

Sasa tunafika kwenye lile jambo, na hili nataka ulisikie upande wangu, maana upande wako umewasimulia marafiki zako wote.

Ndama wa okapi alipozaliwa, vijana mlioruhusiwa kupendekeza majina mkapendekeza, wageni wakachagua. Ukaingia hapa jikoni unaruka: jina lako limeshinda. Jina gani? Mapendo. Mama yako akaacha kukoroga sombe ya majani ya muhogo. Mimi nikasema, taratibu kabisa, "Umempa mnyama jina la mama yangu?"

Hukujua, na kosa la kutokujua ni letu tuliokulea. Kwetu jina la mkubwa haliokotwi kama embe lililoanguka. Unakwenda unamwomba. Akikubali, anamletea mtoto kitenge, na tangu hapo mtoto ni wajina wake. Wana jina moja, basi ni kama mtu mmoja. Akikataa, jina linarudi kwake na mtoto anatafutiwa jingine. Na mtu mzima kunyang'anywa jina lake bila kuulizwa, likabandikwa kwenye banda, hilo sikuwahi kulisikia. Nilikwambia maneno mengi siku ile. Nilisema hatukuja Amerika ili mama yangu afungiwe ndani ya uzio mara ya pili. Ulilia, ukasema kwa Kiingereza vitu ambavyo sikuvielewa vyote, kisha kwa Kiswahili ukasema kimoja: "Nilitaka jina lake libaki."

Ndipo mlango wa chumba cha Koko ukafunguka. Unajua masikio yake. Mahubiri hayasikii, lakini minong'ono anaisikia toka mtaa wa pili.

"Nani amepewa jina langu?"

"Mama, ni mnyama," nikasema.

"Sikuuliza kama anavaa suruali. Nauliza, ni mutoto wa nani?"

Ukamwambia. Okapi, wa Congo, amezaliwa hapa. Koko akakaa.

"Nitaenda kumuona. Nikimukubali, sawa. Nikimukataa, weye Sifa utaenda kwa wakubwa wako useme jina limerudi kwa mwenyewe. Umesikia?"

"Ndiyo, Koko."

Ulikuwa mdogo kuliko wote pale kazini, umesifiwa mbele ya wote, kibao kimeshaagizwa, na sasa ungetakiwa kusimama mbele yao useme kwamba bibi yako hataki. Ulijua usingerudi tena pale baada ya hapo. Mimi pia nilijua. Na nikuambie, binti yangu, katika kona moja ya moyo nilitumaini atakataa. Kungekuwa na koti jeupe nyumbani mwetu bila mimi kusema neno.

Jumamosi ile Koko alivaa kama anaozesha. Kilemba, mkufu, kitenge cha sherehe, na kingine kipya ndani ya mfuko wa duka. Yule mama mtunzaji wa okapi, mrefu, mabuti mpaka magotini, alitupokea kwenye uzio. Koko akamsalimia kwa mikono miwili, kisha akaanza kumhoji kama anavyohojiwa mchumba anayeleta posa. Na wewe katikati unatafsiri.

"Muulize, mama wa mutoto iko wapi?"

"Yule pale anakula."

"Mbona hamuiti mutoto wake?"

Mtunzaji akaeleza kwamba wanaitana, ila kwa sauti ya chini sana ambayo sikio la mtu haliipati. Vyombo tu ndivyo vinavyoipata.

"Hata sasa wanaongea?"

"Huenda."

Koko akatikisa kichwa. "Na sisi tuko hapa tunawapigia kelele. Bon. Muulize, huyu atarudi kwetu?"

Mtunzaji akatazama mabuti yake. Akajibu kifupi. Nikakuona unageuza macho, Sifa. Nilikufahamu. Ulikuwa unatafuta kibao, kama kule Louisville, kitu kizuri zaidi cha kusoma badala ya ulichoambiwa. Hakikuwepo. Ukamtazama Koko machoni, ukasema, "Hapana, Koko. Huyu hatarudi."

Kisha ukatafsiri yaliyobaki, polepole. Kwamba msitu wao unaliwa na wachimbaji na wawindaji, na waliobaki humo hakuna anayejua hesabu yao. Kwamba bustani kadhaa zinatunza wachache kwa kushirikiana ili uzao usikatike, na sehemu ya kinachopatikana hapa inakwenda kwa walinzi wa ule msitu. Na kwamba watu wengi wanaopita hapa hawajawahi kusikia jina la Ituri mpaka wamwone yeye, na mtu hawezi kulia msiba wa asiyemjua.

Mimi nilishika funguo za gari mfukoni, niko tayari kuondoka.

"Mimi pia sitarudi," akasema Koko. "Magoti yangu hayataki tena ndege. Lakini kila Jumapili watoto kanisani wananiuliza, Koko, kwetu iko namna gani? Naketi, nawaambia. Sasa huyu anaketi hapa watu wanauliza, kwenu iko namna gani? Donc mimi na huyu tuko kazi moja."

Akatoa kitenge kwenye mfuko. Mtunzaji akainua mkono haraka: kitambaa hapana, ndama angekitafuna kikamkaba. Nikanong'ona, "Mama, twende." Akanijibu bila kunitazama kwamba yeye hajamaliza, na kama nina haraka gari najua liliko. Mtunzaji akaingia ndani, akarudi na tawi la majani, akamwonyesha Koko jinsi ya kulishika. Tukangoja. Yule ndama alikuwa amejificha nyuma ya mama yake. Akatoa sikio kwanza, halafu jicho. Akaja. Ule ulimi ukatoka, ukashika jani, ukakosea ukazunguka mkono wa Koko, bangili na yote.

Koko alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Anakula bila kunawa," akaniambia. "Amekufuata weye."

Halafu akakufunga kile kitenge kiunoni, juu ya suruali yako ya kazi yenye matope, mbele ya wageni wote. "Yeye hawezi kuvaa," akasema. "Utavaa kwa ajili yake. Ni wajina wangu, nimemukubali." Yule mtunzaji hakuelewa neno, lakini alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Wewe ulilia wazi. Mimi nilikuwa nakagua tairi za gari ambalo lilikuwa mbali sana na pale.

Nimelifikiria sana lile neno langu la kambi. Silifuti lote. Uzio ni uzio, Sifa, na sisi tulioishi ndani yake tusijifanye hatuuoni. Wewe uuone kila asubuhi unapofungua kufuli. Siku utakapozoea mpaka ukasahau kwamba upo, jua umechoka, pumzika. Lakini kambini nilijifunza pia kwamba kuna watu wanaokuja kukupiga picha, na kuna watu wanaokuja kukujua, na aliye ndani huwatambua upesi kuliko wanavyodhani. Ile kazi unayoitaka, kama nimeielewa vizuri, ni kumchukua aliyekuja kwa ajili ya picha ukamrudisha nyumbani akiwa amejua. Hiyo ni kazi ngumu. Mimi niliijaribu siku moja tu nikaishia kwenye mkuki wa babu, ambaye, sasa nakiri, alikuwa fundi cherehani.

Kwa hiyo sikuambii jinsi ya kuifanya. Nakuambia tu kwamba nilikuona siku ile ulipokosa kibao ukasema kweli, na nikaona mtu mzima amesimama mahali pa mtoto wangu. Nilitaka kukwambia tukiwa kwenye gari. Nikakuuliza kama una njaa.

Ndiyo tatizo langu hilo. Nimewasoma okapi, mama na mwana wanavyoongea kwa sauti isiyosikika, nikajiona. Nilipokuwa nakupeleka pale kila Jumamosi kabla ya ovataimu, nilikuwa nasema. Nilipokununulia yale mabuti na kudai yalikuwa kwenye bei ya kuondoa mzigo, nilikuwa nasema. Juzi nilipokaa juu ya sanduku lako ili lifunge, na likafunga kwa sababu ya kitambi hiki mnachokicheka, nilikuwa nasema. Lakini wewe si okapi, na huna chombo cha kunasa sauti za baba. Basi naiandika hapa kwa kalamu, isomeke: uliniuliza kama nakubali. Nakubali. Nakubali kwa moyo wote, na kama kuna kitenge cha baba, hesabu kwamba nimekifunga.

Cha Koko kitawekwa ndani ya sanduku kubwa. Ndicho anachokikunja sasa hivi, naona kupitia mlangoni, mara ya tatu au ya nne, na ule wimbo umefika beti zake za furaha. Usikifiche kabatini kule Buffalo. Kivae, hata juu ya matope.

Limebaki moja, nilitaka liwe siri ila siwezi. Koko aliniuliza, Sifa akienda, nani atamsalimia wajina wangu? Nikajibu bila kufikiri, na sasa imekuwa ahadi. Bustanini wamenipa fulana ya kujitolea, imenibana, na jina langu limeandikwa kifuani. Kesho tukishakuacha kwenye basi, mama yako akishafuta machozi, mimi na Koko tutapitia pale. Atasimama uzioni amwambie wajina wake kwamba umeondoka salama, mimi nitasimama karibu niwajibu wageni kwa Kiingereza hiki unachokijua. Usihofu. Nimesoma kila kibao cha bustani ile, cha gorila mara mbili, na mtoto yeyote akiniuliza kama majani yanamtosha, nitasema yanamtosha kabisa.

Nasikia gari lenu. Bila shaka hamkupata viatu.

Baba yako, anayekupenda na anayesikika